Geti la Mbao

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe nane Machi, saa kumi jioni, Mulama alipopandisha ule mchezo wa ubao juu ya paa la ploti moja, jengo la kupanga la mtaa wa Tassia, pale penye kamba za nguo. Mulama alikuwa mwenyekiti wa wapangaji. Aliteuliwa na mwenye nyumba.

Aliununua sokoni Muthurwa ukiwa mchezo wa ngome na joka: wote mnailinda ngome pamoja, kisha katikati kadi inamgeuza mmoja wenu kuwa msaliti. Mulama aliona joka halina faida kwa wapangaji. Akamwagiza Wathome, mchongaji wa chumba cha chini, atoe ngome aweke ploti yao: ngazi, tangi la maji, geti, na kila mpangaji kisanamu chake. "Tujifunze umoja," alisema. Wakubwa hulipenda hilo neno wakiwa na la kuficha. Mzee Nalianya, mpangaji mmojawapo, aliona hivyo, lakini yeye hakuwa amesoma sana.

Nalianya alipanda paani kwa jambo moja. Januari mkewe, Nabalayo, akikimbizwa hospitali usiku, alikata roho ndani ya gari la jirani, mbele ya geti lililotiwa kufuli, na mpaka leo kamati haijamwambia ufunguo ulikuwa na nani.

Wakaanza kucheza. Hata kadi hazijagawiwa, kisanamu cha Mulama kikashuka ngazi kwa miguu yake, kikafunga geti la mbao, kikatia ufunguo mfukoni. Ndani ya geti akatokea mwanamke wa mbao mwenye leso ya njano. Akabisha hodi.

"Huyo sikumchonga," alisema Wathome.

"Ni mama Ryan, mke wangu," alisema Nalianya. "Leso nilimnunulia mimi."

Wakamsalimia, kisha wakatoa maoni. Mmoja alisema msaliti anajulikana mapema mno, utamu unaisha. Mwingine alisema heri joka, joka haliiti watu mikutanoni. Wathome alisema kubisha kunamchanganya asijue zamu ni ya nani. Mulama alisema mchezo ni mzuri, ila umeingizwa siasa.

"Mwenyekiti, fungua," alisema Nalianya. "Hata hilo la mbao tu."

"Mzee wangu, si zamu yangu."

Kamati ikapiga kura, ngome ikarudishwa. Wathome akachonga mnara, mfalme, na joka lenye meno safi kabisa. Jumamosi iliyofuata mfalme alishuka ngazi, akafunga lango, akatia ufunguo mfukoni, na Nabalayo akasimama pale pale na leso yake, akibisha. Wachezaji walisema sasa huu ndio mchezo. Ukishazoea, walisema, huko kubisha ni kama ngoma ya mbali. Nalianya akawa anamwekea chai ya rangi kwenye kifuniko cha soda. Ilikuwa inaisha.

Chini, geti la chuma liliendelea kufungwa kila usiku, na mlinzi hakupewa ufunguo.

Wayua wa ghorofa ya nne, mwenye mimba ya miezi minane, ndiye aliyekuwa amekaa karibu na lango la mbao, kule paani. Alisikiliza kubisha mpaka zamu yake ikafika, akaiweka dadu chini bila kuirusha.

"Mwenyekiti," alisema, "leo usiku nikishikwa na uchungu, nani atanifungulia?"