Tawi la Mama Ernestine

"Limekufa!"

"Halijafa!"

"Mama, nina macho. Limekauka kama ukuni."

"Macho unayo, lakini huoni. Subiri mvua."

"Subiri mvua, subiri mvua! Wiki ya tatu sasa naambiwa hivyo. Kwani mvua inafufua maiti?"

"Ndiyo, inafufua!" Mama Ernestine akasema, akaingia ndani na kuubamiza mlango mpaka vyungu vyake vya maua vikatikisika.

Hayo yalitokea Jumatano asubuhi, mtaani kwetu mjini Savannah, mwezi wa nane. Mimi nilikuwa kwenye ngazi zangu ng'ambo ya njia, najifanya namwagilia maua. Maua yenyewe nilishayamwagilia. Ndani nilikuwa na mteja, Charmaine, kichwa kimesukwa nusu, naye alikuwa dirishani ananiuliza kwa mikono: wamesemaje?

Wamesema yale yale. Aliyekuwa akibishana na Mama ni Bwana Lindquist; alihamia nyumba ya jirani mwezi wa kwanza, akitokea Minnesota, kaskazini kwenye theluji, mwalimu mstaafu, mpole, anayesalimia hadi mbwa. Mwaloni uko mbele ya nyumba yake. Lakini tawi lake kubwa, nene kuliko kiuno changu (na mimi si mwembamba), linapita juu ya pembe ya paa lake, linavuka ua na kwenda kujilaza juu ya baraza la Mama Ernestine. Mvua haikuwa imenyesha tangu mwisho wa mwezi wa saba, na msimu wa tufani ulikuwa umeanza. Bwana Lindquist akatazama juu, akaona tawi la kahawia, akapiga simu. Wakataji walikuwa waje Alhamisi saa tatu asubuhi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo yeye hakulijua. Wakati wa Pasaka, Yvette, binti wa Mama Ernestine, alikuja kutoka Jacksonville kumbembeleza mama yake akaishi naye. Mama akamjibu mbele yetu sote, mdomo umejaa keki: "Nitahama siku tawi hili litakapohama." Tukacheka. Yvette hakucheka. Aliyaandika maneno hayo kwenye karatasi, akayabandika kwenye friji. Na wiki hii alikuwa amepata habari za wakataji. Msiniulize aliyempa habari hizo. Nilidhani tunaongea tu. Akasema anakuja Jumamosi na maboksi.

"Si ukatae?" nilimwambia Mama asubuhi hiyo hiyo, nilipomfuata ndani.

"Zelma, nina miaka sabini na nane na sijawahi kurudi nyuma kwa neno nililosema. Nianze sasa?"

Nikarudi kwangu nikakaa. Saa nane mchana kivuli cha lile tawi hutua barazani kwa Mama Ernestine, na mtaa mzima hutua nacho. Pale ndipo nilipofundishwa kusuka, kwa kichwa cha Mama mwenyewe. Pale ndipo mume wangu, Mungu amrehemu, aliponiomba tuoane huku akijikuna, maana alikuwa ameegemea rundo la ile mimea ya kijivu inayoning'inia mitini kama ndevu na wadudu wamemwingia shingoni. Mizizi imeyainua matofali ya njia, na kila mlevi wa mtaa huu ameanguka hapo walau mara moja. Shemasi Purvis naye ameanguka hapo, ingawa yeye anasema hakuwa amelewa. Nashukuru kila tofali. Nikiifikiria njia hii bila lile tawi, na baraza lile bila yule mama, naona kama nyumba iliyoezuliwa paa.

Basi nikavuka. Charmaine akanifuata, nusu ya nywele zikiwa zimesimama hewani.

Nilimwambia Bwana Lindquist kila kitu, friji, maboksi, kila kitu. Akaweka kikombe chini.

"Sikujua," akasema. "Lakini Zelma, tawi lililokufa haliwezi kubaki juu ya kichwa cha mama wa watu. Yeye hukaa pale kila siku. Likimwangukia?"

Kumbe siku zote hizo mtu alikuwa anamwogopea Mama.

"Tazama mwenyewe," akaendelea. "Majani yake yote yamejikunja, yamekuwa ya kahawia."

"Majani gani?"

"Hayo, yaliyolala juu ya gome."

"Hayo?" Charmaine akapiga kofi. "Baba wee! Hayo si majani ya mwaloni! Hayo ni makangaga!"

"Makangaga gani?"

"Yanaota juu ya tawi," nikamwambia. "Jua likikaza yanajikunja, unadhani yamekufa. Mvua ikinyesha, baada ya saa chache ni kijani kibichi. Majani ya mwaloni ni yale ya juu zaidi."

"Yale mabichi? Nilidhani ni ya tawi jingine." Akatutazama mmoja mmoja. "Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

Wiki tatu mtaa mzima umegombana na yule bwana, limekufa, halijafa, na hakuna aliyetaja makangaga. Sisi tumezaliwa tukayakuta. Nani huwaza kumweleza mtu kwamba maji yanalowesha?

"Nionyeshe," akasema. Mwalimu ni mwalimu.

Nikaangua kipande kwa mpini wa fagio, tukakitia kwenye bakuli la maji juu ya ngazi yake. Ilikuwa saa nne. Nikamletea Charmaine kiti, nikamaliza kumsuka pale pale. Shemasi Purvis akaja, akaambiwa tunangoja nini, akaketi. Kufika saa saba tulikuwa watu tisa tumezunguka bakuli kama tunaangalia mpira.

Kangaga likanyoosha kidole kimoja, kisha kingine. Hudhurungi ikafifia, kijani kikapanda polepole kutoka kwenye kikonyo. Bwana Lindquist akaligusa kwa ncha ya kidole, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akatoa simu.

"Msije kesho," akawaambia wakataji. "Hapana, si kesho kutwa. Msije kabisa."

Akabeba bakuli kwa mikono miwili, akaenda kugonga mlango wa jirani. Mama Ernestine akafungua, aproni kiunoni.

"Mama, nimekosea. Li hai."

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia nisubiri mvua. Hukuniambia ninasubiri nini."

Mama akalitazama bakuli, akamtazama yeye. Shemasi Purvis akaacha kutafuna.

"Hilo kweli," Mama akasema. "Hilo kosa ni langu."

Charmaine akanifinya. Miaka sabini na nane, na leo ndiyo mara ya kwanza!

"Na binti yako je?" Bwana Lindquist akauliza. "Jumamosi?"

"Aje. Tawi halijahama. Maboksi yake ataniwekea viazi." Akalipokea bakuli, akaliweka dirishani penye mwanga. "Wewe umekula?"

"Nimekunywa kahawa."

"Kahawa si chakula, mwanangu. Ingia. Kuna wali mwekundu na kaa, na bamia ziko motoni. Angalia tofali hilo, linaangusha watu. Na wewe Zelma, acha kunyoosha shingo kama bata. Walete wote, ingieni mpate kula."