Mtihani wa Mkaguzi

Siku mbwa wa Mwalimu Octavian alipotia mdomo kwenye sufuria ya akika ya mjukuu wa Mama Stumai, mtaa mzima ulijua kabla Mwalimu mwenyewe hajavua viatu. Ndiyo kwanza anarudi kutoka shuleni, jasho linamtoka, anawaza ugali wake, mara akasikia kelele upande wa pili wa ua. Jina lake lilikuwa linatajwa pamoja na la mbwa, na la mbwa ndilo lililotangulia.

Mbwa huyo aliitwa Mkaguzi. Jina alilipata angali mdogo, kwa tabia yake ya kuingia kila jiko bila taarifa na kunusa kila chombo. Zamani watu walicheka. Siku ya akika hakucheka mtu. Mama Stumai ni mwanamke anayeshika dini yake, na nyama iliyolambwa na mbwa kwake si nyama tena. Mbuzi mzima akamwagwa, wageni wakala wali kwa kunde, na mwenye shughuli akabaki uani akiisugua sufuria mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini inavyotaka. Kila aliposugua alikuwa na neno la kumrushia jirani yake, na mengine siwezi kuyaandika hapa.

Kikao cha mtaa kikaitishwa kesho yake. Mwenyekiti Fortunatus, mtu anayependa uamuzi wenye mhuri hata kama ni wa kuhamisha jalala, akasema hana maneno mengi: mbwa aondoke Nachingwea. Tena wa kumchukua alikuwepo. Lubasha, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani na kuweka boma huko Matambarale, wilaya ya Ruangwa, alikuwa amepita mjini kuuza ndama, akasikia kuna mbwa anatolewa bure. Alikaa kimya mstari wa nyuma na kamba mapajani.

Octavian akasimama kujitetea. Mtu huyu amefundisha jiografia miaka mingi, anaweza kuongea juu ya upepo mpaka kengele ilie, lakini siku hiyo maneno yalimkauka. Angesema nini? Kwamba tangu mkewe Marietha afariki, na watoto wametawanyika mijini wanampigia simu Jumapili kumuuliza kama amekula, kiumbe pekee kinachomsubiri mlangoni jioni ni yule mbwa? Kwamba anampenda? Mwanamume mzima, mzaliwa wa Bukoba, mbele ya kikao? Akasema, "Mbwa anaweza kurekebishika," akakaa.

Aliyemwokoa ni Aneth, afisa mifugo, binti mwenye bidii ambaye kila tatizo la wilaya huliona ni nafasi ya semina. Akasema wenzake wa Ruangwa wanaandaa siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na safari hii kutakuwa na mashindano ya utii. Mbwa atakayepita majaribio yote atapewa cheti.

"Cheti cha serikali?" Fortunatus akauliza, macho yakimng'aa.

"Chenye mhuri, Mwenyekiti."

Basi ikaamuliwa. Mkaguzi akifaulu, abaki. Akifeli, aondoke na Lubasha hapohapo uwanjani. Na Mama Stumai, kwa kuwa ndiye aliyekosewa, atakuwepo kushuhudia kwa macho yake.

Mwalimu alianza kama anavyoanza darasa lolote: akaandika ratiba, akaibandika mlangoni. Asubuhi kutembea pembeni ya bwana wake bila kamba, jioni kukaa na kutulia. Amri alizitoa kwa Kiingereza, maana kwa akili yake mbwa mwenye elimu lazima ajue Kiingereza. Mama Stumai alimsikiliza siku mbili tatu, ya nne akachungulia juu ya ua.

"Mwalimu, samahani. Siku akiingia jikoni kwangu na wewe uko shule, nimfukuze kwa lugha gani?"

Jioni ile masomo yakaanza upya kwa Kiswahili.

Hayo nayo yalikwenda mrama. Alizoea wanafunzi, na mwanafunzi huambiwa jambo mpaka masikio yamuume. "Kaa. Kaa. Kaa! Nimesema kaa!" Ndipo Mkaguzi anakaa, taratibu, kama mzee anayekaribishwa kiti. Aneth alipita kumtazama, akashika tumbo kwa kicheko.

"Mwalimu, umemfundisha vizuri sana kwamba amri ni mara nne. Sema mara moja, nyamaza, akikaa mpe kitu palepale. Kidogo tu. Kisha uwe unamcheleweshea."

Kitu chenyewe kikawa dagaa. Mwalimu akaanza kutembea na dagaa mfukoni, asubuhi mpaka jioni, na suruali zikakolea harufu. Ofisini walimu wenzake walisogeza viti. Paka wa sokoni walimsindikiza hadi geti la shule, na nyuma ya ubao kuna mtu aliandika jina jipya la Mwalimu ambalo hakulifuta, kwa sababu angelifuta angekiri ameliona. Alivumilia yote. Mkaguzi alikuwa anaelewa! Neno moja, makalio chini. Sekunde chache zikawa dakika, dakika zikawa muda wa Mwalimu kwenda kuteka maji na kurudi. Dagaa wakapunguzwa, leo yupo, kesho hayupo, na mbwa akawa anakaa kwa kutumaini tu, kama sisi wengine tunavyoishi.

Lubasha naye alikuwa hakosi. Kila akija mnadani alipita kukagua mali.

"Mwangaluka, Mwalimu," anamwamkia kwa Kisukuma. "Mbwa wangu anaendeleaje?"

"Si wako bado, Lubasha."

"Haya. Mfundishe tu, mfundishe sana. Nisije nikapata kazi mimi." Kisha anamzunguka Mkaguzi, anamtazama miguu, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililomchoma Octavian. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi kumchukia.

Jioni moja Mama Stumai aliacha mlango wa jiko wazi makusudi, nyama inachemka, mwenyewe kajibanza nyuma ya pipa na mwiko mkononi. Mkaguzi akaja akiifuata harufu mpaka kwenye kona ya ua. "Kaa," Octavian akasema kutoka kibarazani, mara moja. Mbwa akakaa. Mate yakamchuruzika, pua ikahangaika, lakini makalio hayakuinuka. Mama Stumai akatoka mafichoni.

"Mh," akasema, akaingia ndani.

Octavian alilala na ile "mh" kifuani. Ilikuwa "mh" ya kukubali au ya kudharau? Aliigeuza kila upande na hakupata jibu.

Siku ya Ruangwa walipanda pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa korosho. Mwenyekiti na Mama Stumai mbele, Mwalimu na mwanafunzi wake nyuma. Uwanjani mahema yalikuwa matatu, la wageni, la chanjo, na la spika, na hilo la spika ndilo kubwa. Mbwa walikuwa wengi na wa kila namna: wa kulinda mashamba ya Likunja, wa wafugaji, wa madukani, na mmoja wa dereva bodaboda aitwaye Yunusi, mbwa aliyelala tangu aliposhushwa kwenye tenga.

Jaribio la kwanza, kutembea bila kamba, Mkaguzi alipita akimtazama bwana wake usoni muda wote, na Octavian karibu ajikwae kwa fahari. La pili, kupita kwenye sinia la nyama, liliondoa mbwa zaidi ya nusu na sinia lenyewe. Mbwa wa Yunusi aliamshwa, akayapita yote mawili huku akisinzia, akalala tena. Likaja la mwisho. Mbwa aambiwe akae katikati ya uwanja, bwana wake arudi pembeni, na asimwite mpaka mgeni rasmi ainue kibendera chekundu. Mbwa akiinuka kabla, amefeli. Bwana akiita kabla, wamefeli.

Sasa hapa ndipo waandaaji walipokosea, na ni kosa ambalo sisi tu tunaweza kulifanya. Walimpa mgeni rasmi kibendera mkono mmoja, na mkono mwingine wakampa kipaza sauti.

Mgeni rasmi akashukuru. Akatambua waliopo, mmoja mmoja, kwa vyeo. Akakikunja kibendera, akakitia mfuko wa koti ili mkono uwe huru, akaanza kueleza umuhimu wa chanjo. Kutoka kwenye chanjo akahamia vyoo, kutoka vyoo akaingia kwenye utoro shuleni, na alipofika kwenye upuliziaji wa mikorosho watu wakajua hapa tumefika nyumbani kwake. Jua lilikuwa utosini. Aneth alijaribu kumwonesha saa kwa ishara, mgeni rasmi akadhani anashangiliwa, akampungia.

Mbwa mmoja aliona mbuzi, akaenda. Wawili wakagombana, wakafukuzwa. Mwingine alinyanyuka kwa heshima tu, akatafuta kivuli chini ya hema la wageni, akalala kwenye miguu ya diwani. Yunusi alipigiwa simu na abiria, akawasha pikipiki akaondoka, na mbwa wake hata sikio hakutikisa kwa kuwa alikuwa usingizini. Uwanjani wakabaki wawili: anayelala, na Mkaguzi aliyekaa wima, ulimi nje, mbavu zinapanda na kushuka, macho kwa Mwalimu.

Pembeni Lubasha alikuwa amesimama na kamba yake. Fortunatus alikuwa akinong'ona, "Kimya, Mwalimu, kimya tu, cheti hiki hapa." Na ilikuwa kweli. Alichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo.

Lakini macho yale. Mbwa hakuwa anaomba nyama wala dagaa. Alikuwa anauliza kama anafanya sawasawa. Miguu ya mbele ikaanza kumtetemeka, kichwa kikawa kinashuka kidogo na kupandishwa tena kwa nguvu, na bado hakuinuka, kwa sababu Octavian alimwambia kaa, mara moja, na yeye aliamini. Moyo wa Mwalimu ukapasuka. Akaona jinsi alivyo mjinga, mzee mzima anamchoma jua rafiki yake ili watu wampe karatasi.

"Mkaguzi! Njoo!"

Mbwa akaruka, akakatiza uwanja mzima, akajitupa miguuni pake. Kipaza sauti kikanyamaza. Aneth akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mwalimu, bendera bado!"

"Najua," Octavian akasema.

Ushindi ukaenda kwa mbwa wa Yunusi. Walimpelekea cheti palepale alipolala, wakakiweka chini ya kidevu chake, na picha ikapigwa.

Lubasha akaja polepole, akiinyoosha kamba. Uso wake haukuwa na furaha. "Pole, Mwalimu. Nitamtunza. Maziwa atakunywa." Fortunatus akakohoa, akasema kikao ni kikao, na yeye angependa ingekuwa vingine. Octavian akapiga magoti, akamshika mbwa shingo amvue ukanda, vidole vikakataa. Machozi yalimtoka waziwazi na hakujali nani anaona.

"Hebu ngojeni," sauti ikatoka nyuma. Mama Stumai alikuwa amejifunika mtandio dhidi ya jua, na uso aliokuja nao ulikuwa uleule wa siku ya akika. Mwalimu akainamisha kichwa akisubiri kupewa zake.

"Mwenyekiti, niulize. Huyu mbwa aliambiwa akae. Hakukaa?"

"Alikaa, Mama."

"Akaambiwa aje. Hakuja?"

"Alikuja."

"Sasa yeye kosa lake liko wapi? Aliyeshindwa kutulia ni Mwalimu. Mimi nimesimama hapa nimemwona, anahangaika huyu kama ana siafu. Mbwa amefaulu, mwenye mbwa kafeli. Kama kuna wa kufungwa kamba apelekwe Matambarale akachunge ng'ombe, ni huyu hapa."

Lubasha akamtazama Octavian kuanzia viatu hadi kipara, kwa makini, kama alivyozoea kutazama miguu ya Mkaguzi. "Huyu hapana," akasema. "Huyu atanipa kazi." Akaanza kuizungusha kamba kiganjani, akaitia mfukoni, akaenda kumwangalia mbwa wa Yunusi.

Watu wakacheka, Fortunatus akalalamika kwamba bila mhuri ataandika nini. Octavian alibaki chini, amemkumbatia mbwa wake. Mama Stumai hakungoja shukrani. Alitoa bakuli kwenye kapu lake, la plastiki, jipya, bado lina karatasi ya dukani. Akamimina maji ya chupa yake mwenyewe mpaka likajaa, akaliweka chini, akarudi hatua kadhaa nyuma, akakusanya kanga yake isiguswe.

Mkaguzi akalitazama bakuli, kisha akamtazama yeye, akakaa.

"Haya, kunywa," Mama Stumai akamwambia, mara moja. Kisha akamgeukia Mwalimu. "Na hilo bakuli ni lake. Ole wako unirudishie."