Ini la Baba Derick

Tangu mwanawe Derick akiwa darasa la kwanza Kalista alikuwa akija Guangzhou kununua nguo. Safari hii hakufuata nguo, alikuja na mumewe. Jovitus alikuwa ameishi na homa ya ini miaka mingi, na sasa ini lilikuwa limejaa makovu, tumbo limejaa maji, macho yamegeuka manjano. Huko kwao Bukoba walikuwa wamesikia kwamba China kuna madaktari wanaochoma sindano ya seli shina, zile seli changa za mwili, na ini linaota upya.

Mugo, Mkenya aliyekuwa akimsafirishia Kalista mizigo, aliwapeleka kwenye kliniki moja mtaa wa Sanyuanli. Ilikuwa mwaka 2009. Serikali ilikuwa imeamuru tiba ya namna hiyo isitolewe bila kibali, na mitaani polisi walikuwa wakikagua pasipoti za Waafrika. Kliniki ilikuwa imefunika kibao chake kwa magazeti na kufunga mlango wa mbele. Mugo akawapitisha uani, wakapanda ngazi polepole, Kalista amemshika mumewe kiunoni.

"Unanikumbatia mbele za watu, Mama Derick?"

"Nakushika usianguke. Usijipe cheo."

Kujificha kule hakukumshtua. Katika mji huu mzigo mzuri haukai dirishani. Ukitaka mkoba wenye jina kubwa, muuzaji anakuita pembeni, anakupandisha chumba cha juu, anafunga mlango. Kalista alijiambia kwamba na dawa nzuri nayo ndivyo inavyouzwa.

Chumbani muuguzi alikuwa tayari. Akampaka Jovitus spiriti mkononi, naye Jovitus akatabasamu kama bwana harusi. Hapo Kalista, kwa mazoea tu, akauliza swali analomwuliza kila muuzaji kabla ya kufunga mzigo.

"Mugo, mwulize, ikitokea kasoro narudi kwa nani?"

Mugo akacheka. "Mathe, hii si jeans!"

"Mwulize."

Mugo akauliza kwa Kichina. Muuguzi akatikisa kichwa. "Meiyou."

Neno hilo Kalista alilijua toka soko la nguo la Shahe: hakuna.

"Anasema kesho wanahama," Mugo akasema, na kicheko kilikuwa kimemwishia. "Hajui wanaenda wapi."

Mikoba yote ya vyumba vya juu ilikuwa bandia. Kalista alijua, na wateja wake walijua, na hakuna aliyekufa kwa sababu mkoba umechanika.

"Teremsha mkono wa shati, Baba Derick. Tunaondoka."

"Kalista." Hakuwa amemwita hivyo tangu wapate mtoto. "Sina kingine. Niache nijaribu."

Kalista akakaa kitandani kando yake. "Koti likiharibika nalitupa. Wewe nitakutupa wapi?"

Jovitus akaitazama sindano. Kisha akateremsha mkono wa shati mwenyewe.

Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Katikati ya ngazi Jovitus akasimama, akihema.

"Nikifa mwakani nitakulaumu."

"Nilaumu. Ila anza sasa, ukiwa hai, unilaumu kila asubuhi. Kesho twende hospitali ya serikali, Mugo atatutafsiria. Watupe vidonge, watuambie ukweli, hata kama ni mchungu."

"Kila asubuhi? Utachoka."

"Nimekuzoea."

Akacheka mpaka akakohoa, kisha akauegemeza uzito wake wote begani kwa mkewe, wakaendelea kushuka.