Sanda Iliyoshonwa

Katika nchi ya Mfalme Chui, kila aliyekufa alioshwa na nduguze kabla ya kuzikwa. Mila hiyo ilikuwa kongwe kuliko kiti cha enzi. Ila waliofia katika Nyumba ya Maswali walirudishwa wameshashonewa sanda na kunyunyiziwa marashi, na walinzi waliwaambia wafiwa kuwa wamewapunguzia kazi.

Paa alirudishiwa mwanawe vivyo hivyo. Kijana aliuliza hadharani kwa nini chemchemi imezungushiwa ua. Akachukuliwa mzima, akarudi akinuka waridi. Aliteleza bafuni, wakasema.

Siku ile baraza lilikuwa linasherehekea sheria mpya ya kukataza mateso. Chui aliisoma kwa sauti nyororo, akamsifu Fisi, mkuu wa walinzi, kwa kuitunga mwenyewe. Masinia ya wali yalikuwa yamekwisha kuandaliwa Paa alipoingia, mwana mikononi, mtungi kichwani.

"Mama, hapa si mahali pake," Fisi alisema. "Sisi tumeshamwosha."

"Nashukuru, baba. Lakini hukumzaa wewe."

Akakata uzi kwa meno. Alipofunua, marashi yalishindwa. Kwato zilikuwa zimeng'olewa. Mbavuni mlikuwa na alama za chuma cha moto, zimepangwa sawasawa, kazi ya mtu asiye na haraka. Mfalme alijifunika pua kwa mkia, akauliza kama wali hautapoa.

Kuosha maiti kunataka wawili: mmoja amwage maji, mwingine apitishe mkono. Paa alinyoosha kata ya kuchotea maji, akasubiri. Mawaziri walitazama dari. Aliyenyanyuka hatimaye alikuwa mke wa Fisi. Alimwaga taratibu, bila kukwepesha macho, mpaka mtungi ukaisha.

Kisha akarudi kwenye sinia. Mumewe alikuwa ameshapeleka mkono.

"Kanawe," alimwambia.

"Nimeshanawa, mama watoto."

"Kanawe tena."

Fisi akacheka, akaenda kunawa. Aliporudi, mikono yote ilikuwa imeondoka kwenye sinia lile. Akahamia la pili, nalo likaachwa. Ukumbi mzima, aliyemsogezea nafasi ni Chui peke yake. Wakala wawili, vidole vyao vikigusana ndani ya wali.

Paa alishona sanda upya kwa mshono wake mwenyewe, akamwinua mwanawe. Wageni walimfuata kwenda kuzika, watumishi nao wakafuata.

Chui akanusa vidole vyake. Akaagiza maji. Hakubaki wa kumletea.