Tairi za Ubavu Mgumu

Pale Minjila, barabara ya Malindi inapoachana na ile ya Lamu, kuna kibanda cha pancha cha Sidi Nyale, na usije ukakiita kibanda mbele yake. Yeye hukiita karakana. Ana kompresa inayokohoa, jeki mbili, beseni la maji ya kutafutia pancha, na fimbo ya chuma iliyomfanya ajulikane kutoka Gongoni mpaka Hola. Geji ya kupimia upepo hana. Ilivunjika mwaka ule ule mumewe alipomkimbia, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili alichokililia. Sidi huigonga tairi kwa fimbo yake, akainamisha kichwa, kisha akakwambia ina upepo kiasi gani. Madereva wenye geji zao walimjaribu mara nyingi, kwa ukorofi tu, na kila mara waliirudisha geji mfukoni kimya kimya. Lori, Probox, tuktuk, trekta la shamba la mpunga, zote zilimjibu. Kubishana na Sidi juu ya upepo ilikuwa kujitafutia aibu.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Abdia, mwanamke wa Kiorma wa Garsen, muuza maziwa. Urafiki wenyewe ulianza kwa ugomvi. Abdia aliweka madumu yake ya maziwa kwenye kivuli cha kibanda bila kuomba, Sidi akamfokea kwa Kigiriama, Abdia akajibu kwa Kiorma, hakuna aliyemwelewa mwenzake, na walipochoka wakanywa chai. Hiyo ni miaka mingi sasa. Hata ulipokuja ule mwaka mbaya, wakulima na wafugaji walipochomeana nyumba, Abdia alipitisha maziwa yake hapo hapo, na Sidi akayanunua hapo hapo, na aliyetaka kusema akasema.

Kisha figo za Abdia zikakataa kazi. Ikawa lazima aende Malindi kila Jumatatu na kila Alhamisi kusafishwa damu kwa mashine. Alianza kwa basi. Basi lilimchukua amekaa magoti kidevuni, likasimama kila kizuizi cha polisi, na jioni likamrudisha akiwa hawezi hata kushuka mwenyewe. Mwanawe wa pekee, Mahadi, alivumilia kuyaona hayo mwezi mmoja. Halafu akauza ng'ombe waliosalia, akaenda Mombasa, akarudi na Subaru.

Alisimama kwanza kwa Sidi, kabla hata ya kwenda nyumbani.

"Mama Ziro, hebu angalia viatu," alisema. Ziro ni kifungua mimba wa Sidi, na vijana wote wa Garsen humwita mama yake hivyo.

Sidi aliinama akatazama. Tairi zilikuwa pana, ubavu wake mfupi na mgumu kama ubao, meno yake makubwa na laini ukiyagusa.

"Hizi ni za mbio," akasema Mahadi. "Aliyeniuzia alikuwa anashindana nazo. Zinashika lami, noma! Ingia nikuonyeshe."

Sidi akaingia, huku akimwambia kwamba mtu mzima hachezewi. Walielekea upande wa Idsowe. Mahadi akakanyaga. Kwenye kona, pale ambapo gari lolote lingelala upande na abiria wakalaliana, Subaru lilipita limesimama wima, limeganda barabarani kama mjusi ukutani. Kisha ndama akachomoka vichakani. Mahadi alikanyaga breki, Sidi akamwita Mungu kwa majina yote anayoyajua, na gari likasimama mbali na yule ndama, mbali kabisa, bila kuyumba. Sidi alikuwa amezifunga na kuzifungua tairi za watu kwa miaka ishirini, na hakujua kama tairi inaweza kumfurahisha mtu. Alicheka mpaka leso ikamvuka kichwani.

Walipoacha lami kuingia njia ya nyumbani kwa Abdia, kicheko kikakatika. Kila kokoto lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye uti wa mgongo. Tairi zile hazikunyumbuka hata kidogo. Zilikipokea kila kitu na kukipitisha juu kama kilivyo.

Jumatatu ya kwanza Abdia alirudi amekunja uso. "Sidi, hii gari inapiga mimi," alisema. "Kila jiwe nasikia kwa meno." Alhamisi alitapika mara mbili njiani, maana hata lami ya kwenda Malindi ina viraka na matuta yasiyohesabika, na mifupa ya mgonjwa wa figo si mifupa ya mtu mwingine. Jumatatu iliyofuata aliomba gari lisimame hapo kibandani, akamshika Sidi mkono kupitia dirishani.

"Mimi nachoka. Labda niache tu hii safari."

Mahadi alikodolea macho usukani. Wote watatu walijua maana ya kuacha. Daktari aliwaambia waziwazi: bila mashine, wiki mbili ni nyingi.

"Hutaacha," Sidi alisema. "Ngoja."

Akachukua fimbo yake, akagonga tairi ya mbele. Sauti ilitoka kavu, ya juu. Akajisemea kwamba huko Mombasa wamezijaza kupita kiasi. Akatoa upepo, akagonga. Bado. Akatoa tena. Alishangaa kidogo jinsi upepo ulivyotoka mwingi na sauti ikashuka kidogo tu, lakini aliendelea mpaka aliposikia ile sauti aliyoijua, ya tairi laini lakini salama. Akatazama kwa jicho: tairi imesimama wima, haikubonyea hata chembe. Akafanya hivyo hivyo kwa zote nne.

Siku hiyo Abdia alilala usingizi mpaka Gongoni. Aliporudi jioni alishuka kwa miguu yake, akaagiza chai, akamsengenya mke wa jirani kwa nusu saa nzima. Sidi alifurahi hadi akaona haya. Wiki tano zilikwenda hivyo. Kila alfajiri ya safari aligonga, akasikiliza, akapunguza au akaacha, na Abdia akaenda na kurudi akiwa mtu. Sidi alianza kujiona daktari.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemharibia raha. Danson, dereva wa trela la saruji la kwenda Lamu, alikuja kuziba pancha akalikuta Subaru hapo. Akachuchumaa, akaubonyeza ubavu wa tairi kwa kidole gumba.

"Mama, tairi hii ni ngumu ubavuni," alisema. "Hata ikibaki nusu inasimama tu, na ukiigonga inalia vizuri. Pima kwa geji."

"Geji ni ya wasio na masikio."

Danson akacheka, akalipa, akaenda zake. Sidi alinuna hadi adhuhuri.

Kisha Tana ikafurika. Alhamisi hiyo maji yaliifunika barabara kati ya Garsen na Minjila, na hakuna gari lililovuka. Abdia akakosa mashine. Ijumaa miguu ilimvimba, Jumamosi ikawa uso. Jumapili alilala ameketi kwa sababu akijinyoosha pumzi inakata. Jumatatu maji yalishuka, na saa nne asubuhi Subaru likafika kibandani likichuruzika matope.

Abdia alikuwa kiti cha nyuma, anapumua kwa mabega. Mahadi hakuzima injini.

"Mama Ziro, leo nitakanyaga kwelikweli. Tuongeze upepo kwanza?"

Hilo lilikuwa swali zuri. Mtoto yeyote aliyewahi kukaa karibu na kibanda cha pancha anajua kwamba gari likienda mbio linataka tairi iliyojaa. Kompresa ilikuwa imewashwa. Ingechukua dakika tano. Lakini Sidi alimtazama rafiki yake, akaona jinsi anavyokaza mdomo hata gari likiwa limesimama, na hakuweza kuvumilia wazo la kuzifanya zile tairi mawe tena. Basi akachukua fimbo, akazunguka haraka, akagonga zote nne.

"Upepo ishirini na nane kila moja. Zinatosha," alisema. "Nenda, mwanangu, usipoteze wakati."

Yaliyobaki aliyasikia baadaye, vipande vipande, kutoka kwa Mahadi mwenyewe. Gari lilikwenda kama siku ile ya ndama, limeganda lamini. Abdia alimwambia aende polepole, Mahadi hakupunguza. Walipoipita Kurawa, tairi ya nyuma kushoto ikapasuka. Alilishika gari kwa nguvu zake zote, halikupinduka. Akafunga spea, kile kigurudumu chembamba, na kwa kuwa alikuwa amechelewa akakimbia zaidi. Hawakufika mbali, ya kulia nayo ikaenda. Spea ya pili hakuna. Jua la saa sita, nyika tupu, Probox zinapita zimejaa watu. Mwishowe lori la chumvi likasimama, Abdia akapandishwa mbele, akamwegemea mwanawe. Malindi walifika alasiri. Walipokelewa mbio, wakamlaza, wakamwandaa, na kabla mashine haijaanza kuzunguka moyo wake ukasimama.

Alizikwa Garsen asubuhi yake. Sidi alikaa na wanawake, akashika vikombe, akaosha vikombe. Alilia kama wote walivyolia. Alikuwa bado hajajua.

Siku ya nne Subaru lililetwa juu ya lori, likashushwa kando ya kibanda, nyuma likawekwa juu ya mawe. Sidi alizichukua zile tairi mbili zilizopasuka kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake, na mkono hautulii. Akaifungua ya kwanza. Ndani mlimwagika unga mweusi, laini, vikombe viwili vitatu, na ubavuni kulikuwa na mkanda wa mpira uliosagika kuzunguka tairi yote. Akaifungua ya pili. Unga ule ule.

Hakuhitaji kufundishwa. Tairi yenye upepo wa kutosha haijisagi yenyewe ndani. Hii ilikuwa imejikunja na kujikunja, ikachemka, ikajila, wiki baada ya wiki, huku nje imesimama wima kama askari.

Jioni Danson alipita akirudi kutoka Lamu. Sidi alimsimamisha, akamwomba geji. Danson alimtazama usoni, akampa. Sidi alipima tairi mbili za mbele ambazo hazikupasuka. Moja kumi na sita. Nyingine kumi na tano. Akaigonga ile ya kumi na tano kwa fimbo yake, na ikamjibu kwa sauti safi kabisa: ishirini na nane. Akagonga tena. Ishirini na nane. Danson akaangalia kando. Sidi akaketi juu ya tairi kuukuu, na uchungu uliompata hakujua auweke wapi. Aliyemuua Abdia alikuwa yeye.

Mahadi alikuja siku ya pili yake, asubuhi. Alikuwa amekonda. Alikaa juu ya kreti ya soda, asitake chai.

"Nilikuwa mia na arobaini," alisema. "Alisema polepole. Mara tatu, Mama Ziro. Nikamwambia nyamaza, mama, tutafika. Nilimwambia nyamaza."

"Mahadi, nisikilize. Si mbio."

"Ni mbio."

"Tairi hizo zimetengenezwa kwa mbio. Zingekuwa na upepo zingekufikisha Malindi na kukurudisha. Mimi ndiye niliyetoa upepo. Niligonga nikakosea. Njoo uone."

Alimwonyesha ule unga mweusi. Akaichukua geji, maana Danson alikuwa amemwachia, akapima mbele yake, akamsomea. Alieleza yote, tangu siku ya kwanza, bila kujipunguzia. Alimwambia kuhusu Danson. Alimwambia kwamba yeye Mahadi aliuliza kama upepo uongezwe, na kwamba aliyekataa ni yeye Sidi. Hakuacha hata neno moja.

Mahadi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha macho yakamjaa machozi, akamshika Sidi mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, Mama Ziro," alisema. "Najua unanihurumia. Mama alisema wewe una roho nzuri."

"Sikuhurumii! Nakwambia ukweli!"

"Upepo umetoka gari likiwa limesimama hapa. Na huo unga ni wa kupasuka. Wewe hukosei, Mama Ziro. Garsen nzima inajua hukosei."

Sidi alimwapia kwa Mungu, alimwapia kwa Ziro, na kila alivyozidi kuapa ndivyo yule kijana alivyozidi kumwonea huruma. Alimpigapiga mkono kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Mwishowe Sidi akachoka, akaacha kuapa. Magari mawili yalipita kwenda Lamu.

Mahadi akasimama, akajifuta uso kwa kanzu. Alifika kwenye barabara, akarudi.

"Nina ombi moja," alisema. "Wajomba hawajui mwendo niliokuwa nao. Wanafikiri tairi zilikuwa mbovu tu. Usimwambie mtu."

Sidi alimtazama. Alikuwa ameshajaribu kusema, na mtu pekee aliyestahili kuambiwa alikuwa amekataa kusikia.

"Sitamwambia mtu," alisema.

Mahadi akamshukuru tena, akaondoka akiwa amepata nafuu kidogo.