Vitanzi Sitini na Kimoja

Jumapili ya tatu ya Septemba, siku ambayo sheria inawapa wachezaji mapumziko, timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Coosa Ridge ilikimbizwa saa tatu nzima kwenye ngazi za uwanja, na kijana mmoja akaharibika figo. Kocha mkuu, Lyle Stancil, alikuwepo. Alisimama chini ya ngazi na kikombe chake cha kahawa mkononi. Baadaye akasema hapakuwa na mazoezi yoyote.

Jumamosi walikuwa wamefungwa thelathini na moja kwa tatu, nyumbani, mbele ya watu elfu ishirini ambao nusu yao waliondoka kabla ya mapumziko. Usiku huohuo Brock, msaidizi wa mazoezi ya viungo, aliwaambia wachezaji kwamba uwanja utakuwa wazi kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa anayeipenda timu. Ni hiari, alisema. Mchezaji mmoja aliwaambia wenzake kwamba hiari ya Kocha Stancil ni sawa na hiari ya kuvuta pumzi: unaweza kuacha, ila utaona. Wakaja wote, isipokuwa majeruhi waliotembelea magongo.

Verlon Tidwell hakuwa uwanjani. Yeye alikuwa chini ya jukwaa, kwenye chumba cha kufulia, mahali alipokaa miaka ishirini na miwili. Alikuwa mtunza vifaa. Kofia ngumu zilipopasuka alizibadilisha, njumu zilipong'oka vyuma alivirudishia, na nguo zilipochafuka alizifua. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita akaenda kwenye kiwanda cha kuku, na siku alipopata kazi ya kufua nguo zenye jasho la vijana wanaocheza mpira aliona amepanda cheo.

Kila mchezaji ana kitanzi chake, mkanda mgumu wenye pini na kibati cha namba. Akivua nguo anatunga soksi, bukta na fulana kwenye kitanzi, anakifunga, anakitupa kwenye kapu. Mzigo wote unaingia kwenye mashine ulivyo na kutoka ulivyo, na hakuna soksi ya mtu inayopotea. Verlon alivihesabu vitanzi kila vilipokuja, akaandika kwenye daftari: tarehe, saa, vitanzi vingapi, sabuni kiasi gani. Hakuna aliyemtuma. Mwaka wake wa kwanza aliwahi kusingiziwa kwamba anaiba sabuni, na tangu siku hiyo akawa anaandika.

Jumapili ile saa tatu asubuhi Brock alisukuma makapu mawili ndani, fulana zimelowa hadi zinadondosha maji. Kocha Stancil akamfuata nyuma.

"Hizi za leo usiziandike," alisema Kocha.

"Sawa, Kocha."

Akavihesabu. Sitini na kimoja. Makapu yalipoisha mkono ulikuwa umeshaandika, na Verlon hakuwa mtu wa kufuta.

Kitanzi namba hamsini na nane kilikuwa cha Tavion Gilchrist, kijana wa miaka kumi na tisa, mwili kama jokofu, anayecheza pale mbele ambapo watu hugongana kama mafahali. Alianguka kwenye ngazi mara mbili, mara mbili akaambiwa ainuke. Jioni aliona mkojo wake ni rangi ya kokakola, akadhani amekunywa maji kidogo. Jumatatu hakuweza kukunja miguu. Jumanne daktari alieleza kwamba misuli ilikuwa imevunjika na kumwagika kwenye damu, na figo zimeziba. Ijumaa zilikuwa zimekufa, zote mbili.

Chuo kikatoa tangazo. Kilisema kinamwombea kijana huyo, ambaye kwa bidii yake mwenyewe alikuwa akijifanyia mazoezi ya ziada peke yake, bila usimamizi wala idhini ya benchi la ufundi. Maana yake Verlon alielezwa na mkewe Nadine, aliyefanya kazi kwenye ofisi ya bima: kama kijana alikuwa peke yake, basi ugonjwa ni wake na bili ni zake.

Wiki ya pili akaja bibi wa Tavion kuchukua vitu vyake. Bi. Odessa Gilchrist alikuwa mpishi wa shule huko kaunti ya Lowndes, na alivaa kofia ya kanisani ingawa ilikuwa Alhamisi. Verlon alimtolea begi, viatu, na kile kitanzi, kikiwa na nguo safi zilizokauka.

"Wewe ndiye Bwana Verlon?"

"Ndimi, mama."

"Tavion anakutaja. Anasema unawafokea wasipofunga hizi pini."

"Hawasikii, mama. Ningekuwa nalipwa kwa kufoka ningekuwa na ghorofa."

Alitabasamu kidogo, kisha akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa na kukiweka kitanzi mapajani.

"Wanasema mjukuu wangu alikuwa peke yake. Yeye anasema hakuwa peke yake. Wenzake hawapokei simu zangu. Sasa nakuuliza wewe. Alikuwa peke yake?"

Mashine tatu zilikuwa zinazunguka. Verlon aliziangalia.

"Hapana, mama."

"Walikuwa wangapi?"

"Sitini na mmoja."

"Umejuaje?"

"Niliwafulia nguo."

Bi. Odessa hakulia wala hakushukuru. Aliuliza tu kama yupo tayari kumwambia mwingine zaidi yake, na Verlon akasema atafikiria. Yule mama akasema haya, fikiria, lakini Tavion anaingizwa kwenye mashine ya kusafisha damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa hiyo fikiria haraka.

Kocha Lyle Stancil alifika kesho yake, na mkate wa soseji kwenye karatasi kama alivyozoea. Mtu asidhani Verlon alimchukia. Baba yake Verlon alipofariki, Stancil alikuwa mmoja wa sita waliobeba jeneza, tena mvua inanyesha. Kila Agosti ya miaka yake kumi na mmoja hapo chuoni, kabla ya msimu, aliwafanyia wafanyakazi wote karamu nyuma ya uwanja, kambare wa kukaanga na chai ya baridi yenye sukari, na waosha vyoo walikula meza moja na makocha. Verlon aliwahi kumwambia Nadine kwamba huyu mtu akimwambia aruke ukuta, atauliza tu arukie upande gani.

Kocha aligeuza kapu tupu akalikalia.

"Lile daftari lako la sabuni, ndugu yangu, bado unaliandika?"

"Bado, Kocha."

"Chumba hiki kina unyevunyevu mwingi. Karatasi zinaoza."

"Liko nyumbani, kwenye kabati la Nadine. Huko pakavu."

 Stancil akasema anamwonea huruma bibi wa Tavion, yeye pia ana watoto. Akasema kuna wachunguzi wanakuja kutoka chama cha michezo ya vyuo, na watu wa aina hiyo wakishika uzi hawaachi hadi shati lote lifumuke: timu itaumia, mji utaumia, Tavion mwenyewe hatapona kwa hilo. Hakutisha. Aliposimama alimpiga bega na kumkumbusha kwamba imebaki miaka mitatu tu apate pensheni yake kamili.

Nyumbani Nadine alimwuliza anangoja nini. Verlon akasema anangoja kuona kama kuna mwingine atakayesema. Nadine akamwambia, "Wapo sitini wanangoja hivyohivyo."

Siku ya kumi na tisa tangu ile Jumapili, Verlon alilifunga daftari kwenye mfuko wa plastiki, akaendesha pikapu yake hadi hotelini alikofikia mchunguzi. Alikuwa mwanamke aitwaye Renata Oakes, mkavu wa maneno, na alisoma ukurasa ule mara tatu. Kisha alimweleza jambo ambalo Verlon alikwenda nalo nyumbani kama mtu aliyepewa zawadi. Alisema sheria yao ni kwamba kocha mkuu anawajibika kwa kila kinachofanywa chini yake. Hawezi kusema hakujua. Kosa la msaidizi ni kosa lake, isipokuwa akithibitisha kwamba alifundisha watu wake sheria na kuwasimamia waifuate.

"Hawezi kuthibitisha," alisema Verlon. "Alikuwa amesimama palepale."

"Wewe ulimwona amesimama pale?"

"Alikuja na makapu. Aliniambia nisiandike."

"Nani mwingine alisikia?"

Brock alisikia. Lakini Brock alikuwa ameshaandika maelezo yake, kurasa mbili: mazoezi aliyaitisha yeye, kwa kichwa chake, Kocha hakujua, Kocha alikuwa kanisani. Brock alikuwa na miaka ishirini na saba na watoto mapacha, na hakumtazama tena Verlon machoni. Wachezaji walipoulizwa, walikumbuka ngazi na walikumbuka Brock. Kuhusu kikombe cha kahawa, wengi walisema jua lilikuwa linawapiga usoni. Jumapili ile jua lilichomoza wakiwa wameshakimbia saa nzima.

Kikao cha chama cha kusikiliza kesi kilifanyika Machi, Birmingham, kwenye ukumbi wa hoteli wenye zulia la maua. Verlon alivaa suti aliyomzikia baba yake. Alieleza vitanzi. Wazee wa kamati, watano, walipenda vitanzi. Mmoja aliomba akishike kimoja. Hakuna aliyebisha tena kwamba mazoezi yalikuwepo. Verlon akaona mambo yamekaa sawa.

Kisha akasimama wakili wa Stancil, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, na kumwekea mezani karatasi moja. Halafu nyingine pembeni yake. Aliziweka polepole, moja moja, hadi zikafika kumi na moja.

"Hii ni saini yako, Bwana Tidwell?"

"Ndiyo."

"Na hii? Na hizi zote?"

"Zote zangu."

"Tusomee ya mwaka jana, tafadhali."

Verlon alivaa miwani. Ilikuwa karatasi ya Agosti. Kila mwaka, mwanzo wa foleni ya kambare, palikuwa na meza yenye rundo la karatasi na kalamu iliyofungwa kwa kamba, na msichana wa ofisini anasema saini hapa, chukua sahani. Watu walisaini wakizungumzia hali ya hewa. Katika Agosti zote hizo Verlon hakusoma hata mstari mmoja. Sasa akausoma kwa sauti, mbele ya watu. Ulisema kwamba Kocha Stancil amemweleza sheria za saa za mazoezi na siku ya mapumziko. Kwamba Kocha Stancil amemwagiza asivumilie uvunjaji wowote. Na kwamba yeye, mwenye saini, akijua uvunjaji atatoa taarifa ndani ya saa ishirini na nne.

"Ulijua Jumapili asubuhi?"

"Nilijua."

"Ukatoa taarifa baada ya muda gani?"

"Siku kumi na tisa."

"Kwa hiyo Kocha Stancil aliweka utaratibu, na wewe hukuufuata."

"Hakuna utaratibu. Ule ulikuwa mlo," alisema Verlon. "Bila kusaini hupati samaki."

Wawili kwenye kamati walicheka. Mwenyekiti alimwomba ajibu ndiyo au hapana.

"Hukuufuata, Bwana Tidwell?"

Aliangalia upande wa Stancil. Kocha alikuwa ameinamisha kichwa, mikono imefungwa mbele yake, kama siku ile ya jeneza.

"Hapana," alisema Verlon. "Sikuufuata."

Bi. Odessa alikuwa safu ya nyuma. Alikuwa amekuja ili aone mtu mmoja, Stancil, anaulizwa swali, na mtu huyo hakuulizwa hata moja. Wakili wake ndiye aliyemsemea kila kitu. Kwenye maegesho, Verlon akitafuta ufunguo mfukoni, Stancil alimfikia na kusimama karibu.

"Mtu asome anachosaini, ndugu yangu," alisema, kwa upole kabisa, kama anamwelekeza mchezaji mchanga. "Mimi nilikusihi."

"Ulikuwa umesimama pale, Lyle."

Katika miaka yote hiyo hakuwa amewahi kumwita kwa jina. Stancil alitikisa kichwa kwa masikitiko, akaenda kwenye gari lake.

Uamuzi ulitoka Mei. Ulisema mazoezi haramu yalifanyika. Ulisema kocha mkuu amethibitisha kwamba alijenga mazingira ya kuheshimu sheria, kwa ushahidi wa karatasi zilizosainiwa na wafanyakazi wake mwenyewe, na kwa hiyo hana la kujibu.

Chuo kilitozwa faini ya dola elfu tano, na timu ikakatwa saa sita za mazoezi, mara mbili ya zile tatu zilizozidi. Zilikatwa mwezi Juni, wakati hakuna mazoezi.

Brock alizuiwa kufundisha miaka miwili. Anauza matairi Montgomery.

Verlon aliachishwa kazi kwa kutotoa taarifa kwa wakati. Miaka ishirini na miwili, pungufu mitatu. Amerudi kiwanda cha kuku, zamu ya alfajiri, meza ya kukata mabawa.

Lyle Stancil hakusimamishwa hata siku moja. Julai alihamia chuo kikubwa zaidi, Texas, mkataba wa miaka sita.

Daftari lilimpatia Tavion kitu kimoja: bima ya chuo ilikubali kulipia mashine ya kusafisha damu, kwa miezi thelathini na sita. Baada ya hapo ajitegemee. Figo mbili zimekufa. Siku tatu kwa wiki, saa nne kila siku, na kwenye orodha ya kungoja figo ya mtu mwingine yeye ni wa mia nne na kumi na mbili.