Lango la Plaza

"Andika Plaza, kubwa, ionekane kutoka barabarani," Kinuthia alisema, akiligonga lango jipya la mabati kwa ufunguo wa gari. "Ukimaliza nafunga."

Theuri, fundi wa mabango hapa Gatitu, alilipima lango kwa macho. Uwanja ule nyuma ya lango ulikuwa wa kila mtu. Wazee waliuita kiharo. Ngoma zilichezwa pale, mama yake aliuza viazi pale, na sasa mkewe Wangui. Mkoloni alichimba mtaro pale kuwazuia watu, wakaufukia. Halafu Kinuthia akaja na karatasi, sijui za wapi, akajenga ukuta.

Dukani kwa Ambalal, Theuri alinung'unika akisubiri rangi.

"Nyeri nzima ni Plaza. Choo kikiwekwa vigae, Plaza. Kwani ni neno la wapi?"

Roshni, bintiye Ambalal, alichungulia simu. "La Kihispania, fundi. Uwanja wa mji, wazi kwa watu wote. Walilitoa kwa Kilatini, barabara pana. Hata pahali pa kupigana na fahali wanaita plaza. Wamarekani ndio walilipeleka kwa maduka."

"Na sisi tukalipeleka kwa kufuli."

"Rangi gani?"

"Nyekundu, ya mafuta. Na mafuta ya kuchanganyia, mengi."

"Na hii baridi ya Julai? Si itakaa mbichi?"

"Wewe nipimie tu."

Theuri alirudi akalifungua lango wazi, akaandika PLA kwenye bawa moja, ZA kwenye bawa la pili, akapaka rangi nzito mpaka kwenye kingo zinazogusana lango likifungwa.

Jioni Kinuthia alifika na kufuli.

"Ukifunga sasa, mzee, herufi zitashikana," Theuri alisema, akisafisha brashi. "Utafungua ukute matope."

"Itakauka lini?"

"Si unaona ukungu."

Kinuthia aliigusa A. Kidole kikatoka chekundu. Akageuka kutafuta pa kukipangusia, akakuta Wangui anapita kando yake kuingia langoni, gunia mgongoni, na akina mama wengine nyuma yake.

"Hawa wanaenda wapi?"

"Sokoni," Wangui alisema, bila kusimama.

"Chungeni rangi," Theuri aliwaambia.

Kinuthia alibaki langoni, kidole amekiweka mbali na koti. Nyuma yake, uwanjani, viazi vilimwagwa chini, gunia baada ya gunia, na ukungu ukazidi kushuka juu ya herufi mbichi.